Namna ya kuelewa vile bakteria ya Gram negatifu inatoaka bitu inje, bila kukariri namba

Bandugu ba biolojia, ba medsini na ba labo hapa Goma, hii naandika juu yenu, zaidi sana benye kuko na egzame ya mikrobiolojia mbele na kila mara banafungua silabusi banakuta sekresioni (njia ya bakteria ya kutoa protini inje) tipi ya 1, tipi ya 2, mpaka tipi ya 6, na majina ya protini mingi yenye haina kichwa wala mukia. Niko nasaidiaka banafunzi mu hii somo na shida yenye naonaka iko moja tu: mutu anaanza na namba. Namba haikuambie protini inapita wapi, nani anaisukuma, inaenda kufika kwa nani. Ukianza na namba utakariri usiku muzima, asubui yote imepotea. Anza na karatasi.

Na hii somo haiko ya kupata pointi tu. Mu Julai 1994 wakimbizi kati ya 500,000 na 800,000 baliingia hapa kwetu mu siku chache, na karibu 50,000 balikufa mu mwezi ya kwanza, bengi juu ya kuhara: kwanza kolera, nyuma yake kuhara damu ya Shigella dysenteriae tipi ya 1 (hii "tipi ya 1" ni jina ya aina ya Shigella, haiko ya sekresioni). Bakteria mbili, zote Gram negatifu, na kila moja iko na mashini yake ya kupitisha protini inje. Kolera inatumiaka ile banaita tipi ya 2, Shigella inatumiaka tipi ya 3. Mutu mwenye ameelewa hizi mbili vizuri amefika mbali, zingine zitamukuja pole pole.

Kwanza, chora membrani mbili

Kamata karatasi ya A4, uilaze, na biki mbili, ya bule na ya nyekundu. Chora mistari mbili yenye inafuatana karibu karibu, ile njo membrani ya ndani, chini yake andika sitoplasma. Acha fasi ya vidole tatu, chora tena mistari mbili, ile njo membrani ya inje. Katikati yao piga kamustari kembamba ka peptidoglikani (ukuta ya bakteria) na uandike periplasma. Membrani ya ndani iko na fosfolipidi upande zote mbili, lakini ya inje haiko vile: upande ya chini ni fosfolipidi, upande yenye inaangalia inje ni lipopolisakaridi, LPS, njo yenye inaletaka homa na kushusha tansio wakati bakteria imeingia mu damu.

Kama ulishafanya TP (kazi ya labo) ya Gram, hii skema ulishaiona na macho yako. Hans Christian Gram, Mudenmark, alipata ile njia mu 1884 wakati alikuwa Berlin: violeti, lugoli (yodi), alkoli, kisha rangi ya pili, sisi mingi tunatumiaka fuksini. Alkoli inaharibu membrani ya inje, kale kamustari kembamba ka peptidoglikani hakana nguvu ya kushikilia violeti, rangi inatoka, fuksini inaingia, na wewe unaona bijiti bya roze. Kwa hiyo ukiona roze mu mikroskopi ujue uko unaangalia kiumbe yenye kila protini inataka kutuma inje lazima ivuke membrani mbili. Ile ya violeti iko na membrani moja na ukuta munene, hesabu yake iko ingine kabisa, tuiache pembeni.

Sasa kamata biki nyekundu, ndani ya periplasma andika na herufi kubwa: HAKUNA ATP. ATP njo molekili yenye inabebaka enerji ya seli. Usiruke hii fasi, juu somo yote imesimama hapa. Membrani ya inje imetobolewa na porini, protini zenye zinaachilia molekili ndogo zipite, mpaka karibu daltoni 600, na ATP iko na daltoni kama 507 tu, ingewekwa mu periplasma ingemwagika inje. Periplasma iko sawa lupango yenye haina umeme: kazi yenye unataka kufanya pale lazima uvute waya kutoka ndani ya nyumba. Njo maana mashini zote zenye utachora ziko na mwili murefu, ama zinategemea protoni zenye zinarudi ndani kupitia membrani ya ndani, ama zinatumia nguvu ya protini yenyewe wakati iko inajikunja. Hakuna njia ya nne.

Maulizo tatu ya kuuliza kila mashini

Andika pembeni ya karatasi, na usiende mbele kama hujaijibu kwa kila tipi. Moja: protini inavuka mara moja, ama inasimama kwanza mu periplasma? Mbili: nani analipa enerji, na analipia fasi gani? Tatu: inaishia wapi, mu maji ya inje, ndani ya seli ya mwingine, ama inabaki imeshikamana na bakteria?

Asistenti akikuuliza tipi yoyote ukajibu hizi tatu, majina ya protini yanakuwa kitu ya kuongezea tu. Ukisahau jina moja haikuue. Ukisahau kama inasimama mu periplasma, umechanganya yote.

Milango ya ndani: Sec na Tat

Mbele ya kuingia mu tipi, jua vile protini inavuka membrani ya ndani, juu tipi zingine zinatumia ile njia ya kawaida na zingine hazitumie. Sec njo njia kubwa. Protini yenye inapita pale inazaliwa na kipande mu mwanzo yake, asidi amino kama 20 mpaka 30, ile peptidi sinyali. Günter Blobel alipata Nobel mu 1999 juu ya hii wazo, kama protini inabeba yenyewe adresi yake. SecA inakula ATP upande ya sitoplasma na kusukuma protini ndani ya tundu ya SecYEG, na protini inapita ikiwa bado haijakunjwa, kama uzi. Ikifika ngambo, peptidaze inakata ile sinyali.

Tat iko kinyume: inapitisha protini yenye imeshajikunja, na sinyali yake iko na arginini mbili zenye zinafuatana. Haitumie ATP, inatumia nguvu ya protoni. Chora Sec na tundu ndogo, Tat na tundu kubwa, inatosha.

Anza na kolera, hata kama namba yake ni 2

Toksini ya kolera ilionyeshwa mu 1959 na Sambhu Nath De, Muhindi wa Calcutta, kwa kutumia matumbo ya sungura. Imeundwa na kipande moja ya A na vipande tano bya B. Sasa fuata njia yake na kidole juu ya karatasi. A na B zinazaliwa mu sitoplasma, kila moja na sinyali yake, zinapita Sec zikiwa uzi, sinyali inakatwa, zinafika mu periplasma. Pale zinajikunja, zinafungwa na madaraja ya salfa, B tano zinafanya duara, A inakaa juu yake. Yaani toksini inatengenezwa nzima nzima mu periplasma, kisha inatakiwa kuvuka membrani ya inje ikiwa imeshakunjwa. Uzi ingepita fasi ndogo, lakini hii iko kitu kubwa, na pale ATP hakuna. Ndiyo hii hali yenye mashini ya tipi ya 2 inajibia.

Mu membrani ya inje kuna duara kubwa yenye banaita sekretini, mu Vibrio cholerae jina yake EpsD, vipande 15 vyenye vinasimama mu muduara na kageti katikati. Mu membrani ya ndani kuna kikao ya protini, na chini yake, mu sitoplasma, kuna EpsE yenye inakula ATP. EpsE ikifanya kazi, kijiti kimoja chenye banaita psedopilusi kinajengwa kutoka membrani ya ndani kupanda juu, na kinasukuma toksini mpaka ipite mu sekretini. Unaona vile ule waya umevutwa? ATP inaliwa ndani, kusukuma kunafanyika mu periplasma.

Jibu maulizo tatu: inasimama mu periplasma, ndiyo. Enerji: Sec inalipia ile ya kwanza, EpsE inalipia ya pili, zote mu sitoplasma. Inaishia: mu maji ya tumbo, huru. Hii ya tatu iko na maana mukubwa kwa mugonjwa. Toksini ikishatoka haina tena lazima ya bakteria, inajitafutia yenyewe GM1, fasi yake ya kujishika juu ya seli ya utumbo, A inaingia, inafungia protini Gs (swichi ya seli) mu hali ya kuwaka, AMP sikliki (ujumbe ya ndani ya seli) inapanda, mulango ya kloridi CFTR inafunguka, chumvi inatoka na maji inaifuata, mutu mukubwa anaweza kupoteza mpaka litri moja mu saa. Antibiotiki inapunguza bakteria, lakini toksini yenye imeshaingia mu seli haiiguse, njo maana tunakimbilia serumu na ORS (maji ya sukari na chumvi ya kunywa) kwanza. Na ORS inafanya kazi juu ile njia yenye inaingizaka sodiumu pamoja na glukozi mu seli ya utumbo, toksini haiharibu ile. Sukari haiko ya kufanya ikuwe tamu. Banafunzi ba infirmyé, hii mulieleze bamama wenye banabeba batoto ku sentre, bataelewa juu ya nini sukari na chumvi lazima ziende pamoja.

Tipi ya 1 na pompi za antibiotiki, zisome pamoja

Silabusi mingi zinazitenganisha, moja mu chapitre ya sekresioni, ingine mu chapitre ya rezistansi. Mimi naona ni kupoteza nguvu, juu mulango yao ya inje ni ile ile moja: TolC. Chora TolC kama mrija murefu, iko mu membrani ya inje lakini mwili yake inashuka mu periplasma nanometa kama 10. Sura yake kamili ilipatikana mu mwaka 2000.

Mufano ya tipi ya 1 ni hemolizini HlyA ya E. coli yenye inaletaka infeksioni ya njia ya mukojo. Ni protini ndefu, asidi amino 1,024, na sinyali yake haiko mu mwanzo, iko mu mwisho, mu zile asidi amino kama 60 za nyuma. Sec haiijue kabisa. HlyB mu membrani ya ndani inakula ATP, HlyD inafanya daraja, TolC inafungua, na HlyA inapita kutoka sitoplasma mpaka inje mara moja, bila kusimama. Na angalia hii kitu nzuri: mu sitoplasma kalsiumu iko kidogo sana, HlyA haiwezi kujikunja, inabaki uzi. Inje kalsiumu iko mingi, ikifika tu inashika kalsiumu na kujikunja, na ile kujikunja inasaidia ivutike isirudi ndani.

Pompi ya antibiotiki inaitwa AcrAB-TolC. Weka AcrB fasi HlyB ilikuwa, AcrA fasi HlyD ilikuwa, TolC inabaki. AcrB haitumie ATP, inatumia protoni zenye zinarudi ndani. Iko na vipande tatu vyenye vinapokezana: moja inakamata dawa, ingine inaifunga, ya tatu inaitupa mu TolC, kisha zinabadilishana. Na mingi inaikamatia dawa mu periplasma, mbele haijafika hata mu sitoplasma. Tetrasiklini, kloramfenikoli, siprofloksasini, penisilini mingi, zote AcrB inaweza kuzitupa, pompi moja dawa za familia zenye hazifanane hata kidogo.

Bakteria inaweza kupata mutasyoni mu jini yenye inazuiaka hizi pompi, kama marR ama acrR, na pompi zinakuwa mingi. Mutu mwenye amemeza tetrasiklini ya barabarani siku mbili akaacha juu ameona nafuu, anaacha zile zenye zinapompa sana zibaki peke yao na chakula yote. Siseme hii ili mutu aone haya, dawa ni bei na watu wanafanya na yenye wanaweza, lakini wewe mwenye unasoma hii unaweza kueleza juu ya nini siku zote za dawa ziko na maana, na unaeleza na skema.

Zile zenye zinadunga: tipi ya 3, ya 4 na ya 6

Hapa jibu ya ulizo ya tatu inabadilika: protini haiachwe mu maji, inatiwa ndani ya seli ya mwingine.

Tipi ya 3 njo ya Shigella, Salmonella na Yersinia. Chora mwili yenye inavuka membrani zote mbili, na juu yake sindano, nanometa kama 50 mpaka 60, tundu ya ndani karibu nanometa 2 tu. Sindano ya Salmonella ilitolewa safi na kuonekana mu mikroskopi ya elektroni mu 1998. Na tundu ya nanometa 2, protini iliyokunjwa haipite, kwa hiyo inafunguliwa kuwa uzi chini pale penye ATPaze iko, na protoni zinasaidia kusukuma. Sinyali iko mu mwanzo lakini haikatwe, na haipite Sec. Mwili ya hii mashini inafanana sana na chini ya flajela (mukia ya kuogelea), zile protini za ndani ni jamaa kabisa, na ukiona skema mbili moja pembeni ya ingine hutabisha.

Shigella inangojaka. Sindano iko imefungwa mpaka ncha yake iguse seli ya utumbo mukubwa, pale IpaB na IpaC zinatoka na kutoboa membrani ya ile seli, kisha protini zingine zinaingia na kubadilisha aktini ya ndani (nyuzi zenye zinashikiaka seli sura yake), seli yenyewe inaimeza bakteria kama vile ni yenyewe imetaka. Juu ya hii, na juu inavumilia asidi ya tumbo, bakteria 10 mpaka 100 zinaweza kutosha kumugonjesha mutu, wakati kolera mingi inaomba idadi kubwa sana. Njo maana kuhara damu inaruka mu nyumba kutoka mutoto moja kwa mwingine na mikono tu. Na tofauti ya matibabu unaiona mu skema: Shigella imeingia ndani ya seli na inaharibu pale, kwa hiyo antibiotiki yenye inafaa iko na kazi kubwa, maji peke yake haimalize.

Yersinia pestis, ile ya tauni, yenye iko bado Ituri, inatumia tipi ya 3 pia. Protini zake zinaitwa Yop na zinadungwa ndani ya makrofaji (seli za kinga zenye zinamezaka bakteria) zishindwe kuimeza. Guy Cornelis, Mubelgiji, alifanya kazi kubwa sana kuonyesha vile Yop zinaingia. Weka hii kinyume ya Shigella mu kaye yako: Shigella inadunga ili imezwe, Yersinia inadunga ili isimezwe, na mashini ni moja.

Tipi ya 4 iko pekee yake juu inaweza kubeba DNA. Mu 1946 Joshua Lederberg na Edward Tatum balionyesha kama bakteria zinapeana jini, na mashini yenye inavusha plasmidi (kaduara ka DNA ka pembeni) kutoka E. coli moja kwenda ingine ni ya hii familia. Plasmidi zenye zinabeba rezistansi mingi zinapitia hapo, mu hospitali, mu maji machafu, mu tumbo ya mutu. Agrobacterium tumefaciens inaitumia kudunga kipande ya DNA yake ndani ya mumea, mumea unafanya uvimbe ku shina. Batu ba Ghent mu Ubelgiji, Jeff Schell na Marc Van Montagu, balipata ile plasmidi Ti mu 1974 na nyuma yake banasayansi balianza kuitumia kutia jini mu mimea. Helicobacter pylori inadunga CagA mu seli ya tumbo na hii inaongeza hatari ya kansere. Legionella inadunga protini zenye zinapita 300. Angalisho moja, juu egzame inaipendaka: Bordetella pertussis, ile ya kifaduro, iko na tipi ya 4 lakini toksini yake inapita Sec, inasimama mu periplasma, kisha inatupwa mu maji ya inje, haidungwe. Kwa hiyo usiseme "tipi ya 4 yote inadunga".

Tipi ya 6 ilitambulika mu 2006, na ya kwanza ilionekana mu Vibrio cholerae, ile ile ya kolera. Ndani ya sitoplasma kunajengwa mrija ya Hcp, na juu yake ala yenye imevutika kama springi, ncha ni VgrG. Ala inajikaza mu milisekonde chache na mrija unaruka inje, unaingia mu bakteria ya jirani na sumu, na jirani anakufa. Ndugu zake hazikufe juu ziko na protini ya kinga ya ile sumu. Kisha ClpV inakula ATP kubomoa ala na kuirudilia upya. Inafanana na mukia ya virusi zenye zinakulaka bakteria, lakini hapa inasukuma kutoka ndani kwenda inje. Banafunzi wengi banaandika kama tipi ya 6 ni ya kushambulia mutu. Inaweza, ziko zenye zinafanya, lakini adui ya kila siku ni bakteria zingine, na hata kolera inatumia vipande bya DNA ya jirani yenye imeua.

Tipi ya 5 na zingine, haraka

Tipi ya 5 protini inajisafirisha: mwanzo ni sinyali ya Sec, katikati ni mupita njia, mwisho ni pipa ya beta yenye inakaa mu membrani ya inje na ule mupita njia anapitia pale, na msaada ya Bam, mashini yenye inatiaka protini mu membrani ya inje. ATP hakuna mu ile hatua ya pili, kujikunja kwake njo kunaivuta. Mufano ni proteaze ya gonokoki yenye inakata IgA (antikorpo), na IcsA ya Shigella, yenye inabaki juu ya ngozi yake na kuisukuma na aktini kutoka seli moja kwenda ingine. Shigella basi iko na tipi ya 3 ya kuingia na tipi ya 5 ya kutembea.

LPS nayo inasafiri: protini saba, LptA mpaka LptG, zinafanya daraja kutoka membrani ya ndani mpaka ya inje, ATP inaliwa chini na LptB. Dawa mpya zosurabalpini, yenye ilitangazwa mu 2024 dhidi ya Acinetobacter, inazibia hii daraja. Na bakteria inatoaka pia vesikili, bipande bya membrani ya inje vyenye vinajikata vikiwa na bitu bya periplasma ndani. Tipi ya 7 ni ya kifua kikuu, na ile haiko Gram negatifu, usiitie mu hii karatasi.

Jipime

Geuza karatasi, chora yote upya bila kuangalia, na kama uko na mwenzako mufanye pamoja, moja anachora, ingine anauliza zile maulizo tatu. Majina andika mu Kifaransa pembeni juu egzame iko mu Kifaransa. Kisha jaribuni hizi.

Protini moja haipatikane hata siku moja mu periplasma, sinyali yake iko mu mwisho, na ukitoa TolC inabaki ndani. Ni tipi ya 1. Umetoa TolC mu E. coli na sasa inakufa na tetrasiklini kidogo sana: pompi AcrAB imekosa mulango ya inje. Klebsiella inatoa enzimu pululanaze, ukizima Sec haitoke, na ukizima mashini ya pili protini inabaki upande ya periplasma bila kutoka: tipi ya 2. Bakteria mbili ziko mu sahani moja, moja inaua ingine wakati zinagusana, ukitoa Hcp kuua kunaisha: tipi ya 6.

Ya mwisho ni nguvu kidogo na naipendaka sana. Jini za toksini ya kolera hazikuwa za Vibrio tangu mwanzo, ziliingizwa na virusi moja ya bakteria, CTX, na hii ilionyeshwa mu 1996 na Matthew Waldor na John Mekalanos. Ile virusi iko kama uzi na inatokaka bila kupasua bakteria. Uliza mwenzako inatokea wapi, na umuachie muda ya kufikiri juu ya skema. Jibu: inatokea mu EpsD, ile sekretini ya toksini. Ukitoa EpsD, toksini inabaki mu periplasma, na virusi yenye ilileta jini zake nayo inakosa fasi ya kutokea.